Kabla ya kutuchangisha, fungueni kwanza hizo kompyuta

Ndugu Mhariri,

Shule anayosoma mwanangu wa kidato cha pili imetuandikia barua sisi wazazi. Kila mmoja anaombwa shilingi elfu hamsini ili zinunuliwe kompyuta mpya ishirini, maana zilizopo "zimepitwa na wakati na ni nzito mno kutumika". Jina la shule silitaji, kwa sababu walimu wake nawaheshimu, na kwa sababu barua ya namna hiyo sidhani kama ni ya shule moja. Kuchangia sikatai. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa Januari 2016, lakini mzazi yeyote anajua kwamba shule ina mahitaji ambayo hayasubiri fungu kutoka juu. Ninachokikataa ni hiyo sababu waliyoiandika, maana uzito huo mara nyingi uko kwenye diski, na diski hubadilishwa bila kununua kompyuta mpya.

Nasema hivyo kama mama wa steshenari. Niko Kihonda, hapa Morogoro. Natoa fotokopi, nachapa barua, nalamineti vyeti, naombea watu leseni za biashara kwenye mfumo wa TAUSI, nawaingiza vijana Ajira Portal, na msimu ukifika nawajazia maombi ya mikopo ya elimu ya juu. Dirisha la mikopo likifunguliwa, benchi langu la nje linajaa tangu saa mbili asubuhi. Kijana kashika bahasha yenye vyeti vilivyohakikiwa na RITA, picha ya mdhamini, na hela kamili ya kazi ambayo mama yake kamhesabia. Kompyuta ikizubaa siku hiyo, anahamia kwa jirani yangu, na jirani hajawahi kunirudishia mteja.

Zangu ni za mtumba kama za wengi: deskitopu mbili zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i3 ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013 hivi, na laptopu moja ya umri huohuo. Kuna wakati zilifikia mahali nikiziwasha nafagia duka, napanga karatasi, nanunua chapati kwa dada wa jirani, narudi na bado duara linazunguka kwenye kioo. Ukibofya faili la mteja, dirisha linakuwa jeupe na maandishi ya juu yanakuambia programu haijibu. Nikaanza kuulizia bei ya mpya. Kijana anayenitengenezea printa ndiye aliyeniambia nisubiri. Akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, likafunguka dirisha linaloonyesha nani anafanya kazi na nani amelala. Prosesa ilikuwa imetulia, haina shida na mtu. Ramu, yaani kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi, ilikuwa imejaa nusu na zaidi kidogo. Diski, ghala linalotunza mafaili, ilikuwa imesimama kwenye asilimia mia, nyekundu, na haikushuka kwa muda wote tuliokaa tukiiangalia.

Msomaji mwenye kompyuta inayomkera ajaribu hilo leo, ni bure. Akiona diski imeganda kwenye mia wakati prosesa haina kazi, ugonjwa ameshaujua.

Diski ya zamani, ile tunayoiita "hadi diski" (hard disk), ni sahani zinazozunguka ndani ya kasha la chuma, na mkono mdogo unaotembea juu yake kusoma. Nyingi huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Hiyo ya 7,200 ni mizunguko 120 kila sekunde, na inasikika kama kasi ya ajabu mpaka upige hesabu: mkono unatakiwa kwanza usogee mpaka kwenye mstari wenye faili, kisha usubiri sahani izunguke mpaka kipande kinachotakiwa kifike chini yake. Kusogea na kusubiri vinakula kama sehemu moja ya mia ya sekunde kila mara. Kwa hiyo hadi diski inaweza kuchukua vitu vidogovidogo kama mia moja tu kwa sekunde, na Windows ikiwaka inataka maelfu ya vitu vidogovidogo kwa wakati mmoja. Ni kama ofisi yenye karani mmoja wa masijala, mzee mwaminifu, na watu elfu moja wamepanga foleni dirishani, kila mmoja anataka jalada lililo kwenye kabati tofauti. Mkurugenzi aliye ndani anaweza kuwa na akili nyingi kiasi gani, atakaa bure akisubiri majalada.

SSD, diski ya aina mpya inayowekwa mahali pa hadi diski, haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, za ukoo mmoja na zile zilizo ndani ya flashi na kadi ya simu, ila zimepangwa nyingi pamoja na kuwekewa msimamizi hodari. Chipu za namna hiyo zilibuniwa na Mjapani Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980. Hadi diski ni ya zamani zaidi: ya kwanza ilitoka IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani hamsini, ukubwa wake kama kabati la nguo, na uwezo wake wote haufikii picha mbili tatu za simu ya leo. Tangu hapo imepungua umbo na kuongezeka ujazo mno, lakini bado ni sahani na mkono. SSD ya kawaida inachukua vitu vidogo makumi ya maelfu kwa sekunde. Wauzaji wanapenda kutaja ile namba ya megabaiti 500 na kitu kwa sekunde, nayo ni kweli kwa zinazotumia waya wa SATA, lakini kwa mtu wa kazi za ofisi nafuu kubwa iko kwenye hivyo vitu vidogo.

Kijana alinunua SSD za GB 240, akahamisha kila kitu kutoka diski ya zamani kwa kebo ya USB na programu ya kunakili, usiku baada ya kufunga duka. Hakuna nilichopoteza, hata picha za usuli za wanangu zilikuwa palepale. Akaongeza na ramu, kutoka GB 4 hadi 8. Asubuhi nilibonyeza kitufe na sikupata muda wa kushika fagio. Haikufika nusu dakika tayari inaniomba nenosiri.

Nisieleweke vibaya, SSD haifanyi prosesa ya zamani kuwa mpya. Anayehariri video za harusi ataendelea kusubiri. Wala haiongezi kasi ya intaneti: siku ya mwisho ya maombi ya mikopo, nchi nzima ikiingia kwenye mfumo mmoja, mimi na mwenye kompyuta ya milioni nne tunakodolea macho ukurasa uleule. Lakini kuandika barua, kufungua jedwali, kuskani cheti, kuchapa mtihani, hapo huwezi kuzitofautisha na mpya.

Sasa nirudi shuleni. Siku ya wazazi niliingia kwenye chumba cha kompyuta. Ni deskitopu za Dell OptiPlex, zililetwa kama msaada, prosesa zake ni Core i5 za kizazi cha nne. Hizo ni nzuri kuliko zangu! Nilimwomba mwalimu wa kompyuta tuiwashe moja. Tuliongea habari za mwanangu, za mvua, za bei ya mchele, na alikuwa akinieleza kwamba kipindi cha dakika arobaini kinaanza hivyohivyo: wanafunzi watatu watatu kwenye kila mashine wakisubiri, robo ya kipindi inaisha. Ilipowaka nikabonyeza vile vitufe vitatu. Diski, asilimia mia.

Nimepiga hesabu kwa bei nilizotajiwa madukani mwezi huu. SSD ya GB 240 ni kama elfu themanini. Ramu ya DDR3 ya GB 4, ya mtumba, elfu ishirini. Fundi tumpe elfu kumi kwa kila mashine, ingawa zote ni za aina moja na atatengeneza moja vizuri kisha ainakili kwa kumi na tisa zilizobaki. Kwa mashine ishirini ni milioni mbili na laki mbili. Kompyuta mpya moja ya maana, pamoja na kioo chake, haipatikani chini ya milioni moja na laki mbili, na hizo ni milioni ishirini na nne. Tofauti hiyo inajenga matundu ya vyoo ya kutosha, na vyoo vya shule ile navyo nilivipitia siku hiyo. Wasichelewe tu: tangu mwishoni mwa 2025 bei za chipu za kumbukumbu zimekuwa zikipanda duniani, kwa kuwa vituo vikubwa vya akili mnemba vinazinunua kwa shehena.

Kuna mwalimu ataniambia, mama, Windows 10 imeachwa na wenyewe. Ni kweli. Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kuendelea. SSD haitibu hilo. Kompyuta ya mhasibu wa shule, inayoingia benki na kwenye mifumo ya serikali, inunuliwe mpya, na mimi nitachangia kwa moyo mweupe. Lakini mtoto wa kidato cha pili anajifunza kuandika waraka, kupanga jedwali, kuchora, na kuanza kuiandikia kompyuta amri kwa Python. Yote hayo yanafanyika kwenye Linux Mint, mfumo unaokaa mahali pa Windows, iliyo na programu za ofisi za LibreOffice, ambavyo ni vya bure, vinaendelea kusasishwa, na kwenye mashine ile yenye SSD vinateleza. Laptopu yangu ndiyo nimeiwekea. Wateja hawajui tofauti, wao wanataka karatasi yao itoke imenyooka.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni nani atakwenda kununua. Kariakoo na mitandaoni kumejaa vikasha vinavyong'aa vimeandikwa SSD, TB 2 (yaani GB elfu mbili), TB 8, hata TB 16, kwa elfu arobaini. Ukikifungua unakuta kadi ndogo ya simu imegandishwa kwa gundi kwenye kipande cha saketi, na kadi hiyo imefundishwa kudanganya: kompyuta ikiuliza una nafasi kiasi gani, inajibu TB 16. Unaweka mafaili, yanaingia bila kelele, na yakizidi nafasi halisi yanaandikwa juu ya yale ya mwanzo. Mteja wangu, mpiga picha, alipoteza harusi mbili za watu kwa njia hiyo. TB 16 za kweli ni mali ya mamilioni, kwa hiyo bei peke yake inatosha kukufukuza hapo dukani. Zipo pia programu za bure, kama H2testw, zinazoijaza diski mpaka mwisho kisha kusoma kama vyote vilivyoandikwa bado vipo. Shule ipime moja kabla ya kulipia ishirini. Na ile kauli ya TRA, ukinunua dai risiti, hapa ina faida ya ziada, kwani bila risiti hakuna waranti, na SSD za makampuni yanayojulikana huja na waranti ya miaka mitatu au mitano.

Muuzaji pia atataka kuwauzia zile nyembamba zinazofanana na bigi ya kutafuna, za M.2, akisema ndizo za kisasa. Ni za kisasa kweli, na nyingi zina kasi kubwa zaidi, ila OptiPlex za kizazi kile hazina mahali pa kuzichomeka. Waulize za SATA, inchi 2.5. Kasha la deskitopu lina nafasi ya inchi 3.5, kwa hiyo kuna kibano cha kuishikilia. Kikikosekana, skurubu moja inatosha, maana ndani hakuna kinachozunguka cha kutikisika.

Kisha, Mhariri, kuna zile diski ishirini zitakazotolewa. Hapa ndipo sitanii. Deskitopu yangu ya kwanza niliinunua kwenye mnada wa taasisi moja, na ilikuja na diski yake. Ndani nilikuta orodha ya wafanyakazi, namba zao za akaunti za benki, barua za onyo, na maombi ya likizo yenye maelezo ya magonjwa ya watu. Mtu alikuwa amevitupa kwenye kapu la taka la kompyuta na kapu lenyewe hakulimwaga. Hata angelimwaga, kufuta faili kunaondoa jina lake kwenye orodha tu, na fomati ya haraka nayo ni vivyo hivyo. Mwenye programu ya kurejesha mafaili anayaona. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume yake. Alama za watoto wetu, namba zetu za simu, na nani hajalipa chakula cha mchana ni taarifa binafsi. Diski iandikwe upya yote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kazi inayoweza kula saa kadhaa kwa kila moja, au ivunjwe. Za laptopu nyingi sahani zake ni za kioo, kwa hiyo anayevunja avae miwani.

Zilizo nzima zisivunjwe zote. Baada ya kusafishwa, mbili tatu ziwekwe kwenye makasha ya USB na zitumike kutunzia nakala, kwani kazi ya kukaa kabatini hadi diski inaiweza vizuri kuliko SSD. SSD iliyochoka ikiachwa bila umeme kwa muda mrefu kwenye stoo yenye joto inaweza kusahau ilichobeba. Halafu inakufa ghafla. Hadi diski mara nyingi hukuonya kwa kugongagonga ndani, ukapata muda wa kuokoa mitihani. SSD inaweza kuwa nzima jioni na asubuhi kompyuta ikasema haioni diski yoyote, na fundi wa kurejesha vilivyomo utamtafuta hadi Dar es Salaam na huenda akuambie haiwezekani. Mimi kila Ijumaa nanakili kazi za wateja wa kudumu kwenye diski mbili, moja inakaa nyumbani.

Kuhusu kuchakaa, wanaoogopa kwamba SSD inaisha kwa kuandikwa wanasema kweli kidogo. Samsung, kwa mfano, kwa ile 870 EVO ya GB 250 wanadhamini kuandikiwa TB 150. Ukiandika GB 20 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, unahitaji miaka ishirini kuzimaliza. Umeme unaokatika ovyo ndio adui wa karibu zaidi, na huo unaua kila kitu. Bodi ikibakiwa na hela inunue UPS, betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika, kabla ya kununua mapazia ya chumba cha kompyuta.

Ombi langu kwa bodi ya shule ni dogo. Kikao cha wazazi kimeitishwa. Chukueni OptiPlex moja siku hiyo, SSD nitawaazima mimi, ninayo ya akiba dukani, na kijana wangu ataifunga bila malipo. Iwekwe mezani, pembeni yake muweke nyingine ambayo haijaguswa, ziwashwe kwa pamoja mbele ya wazazi wote, mwalimu wa kompyuta ashike saa. Baada ya hapo kama bado mnaitaka hiyo elfu hamsini nitaitoa palepale, ila nitaomba kuona mchanganuo kwa maandishi. Majibu mpeni mwanangu aniletee.

Mama wa steshenari,
Kihonda, Morogoro.